Sola ya Sh50 kwa Siku: Piga Hesabu Hii Kabla ya Kulipa Kianzio

Wakenya tumezoea maisha ya kadogo. Mafuta ya kupima, sukari robo, makaa ya mkebe, airtime ya Sh10. Si kwamba watu hawajui gunia zima la makaa hutoka nafuu kuliko mkebe mmoja mmoja. Pesa ya gunia ndiyo huwa haipo siku hiyo. Na hii ni sababu moja kubwa ya kawi safi kuchelewa kufika nyumba nyingi: paneli na mtungi wa gesi vilitaka pesa yote mara moja, na wengi wetu tunapata kwa siku.

Malipo ya simu yamebadilisha mambo. Leo unaweza kuwasha taa za sola au kupika kwa gesi huku ukilipa kidogo kidogo. Ni jambo zuri, nasi tunaliunga mkono. Lakini bei ya siku na bei ya kitu chenyewe ni vitu viwili, na tungependa mteja wetu avijue vyote kabla ya kuweka PIN.

Tulifikaje hapa?

Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa tayari ni safi. Unatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji, na upepo wa Loiyangalani kule Marsabit, ambako mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power ina uwezo wa megawati 310. Shida iko kwa nyumba ambazo nyaya hazijafika, na kwa jikoni nyingi ambazo bado zinategemea kuni na makaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa hivyo mambo ya moshi si ya miti peke yake, ni ya kifua cha mama na mtoto pia.

Wakenya walianza kutuma pesa kwa simu mwaka 2007. Miaka michache baadaye, mwaka 2011, M-KOPA ilianzishwa hapa nchini, ikichukua jina lake kwa neno tunalolijua wote: kukopa. Wazo lilikuwa rahisi. Mteja alipe kianzio, apewe sola aende nayo nyumbani, kisha amalize deni kwa malipo madogo ya kila siku. Gesi nayo ilifuata njia iyo hiyo. Mita iliyotengenezwa na KopaGas ya Tanzania, ambayo teknolojia yake ilinunuliwa na Circle Gas mwaka 2020, ndiyo iliyo nyuma ya huduma ya M-Gas hapa Kenya.

Mtambo hujuaje kwamba umelipa?

Ukituma pesa, mfumo wa kampuni hupokea ujumbe wenye nambari ya akaunti yako. Sola zingine zina laini ya simu ndani yake, kwa hivyo hufunguliwa kutoka mbali. Zingine unatumiwa tokeni unayobonyeza mwenyewe, vile unavyofanya na stima. Siku ulizolipia zikiisha, mtambo unajifunga. Jua liwake vipi, taa haziwaki.

Kwa gesi, mita hukaa kwenye mtungi, hupima unachotumia na kufunga valvu salio likiisha. Hapa kuna tofauti muhimu. Gesi unalipia unachochoma, basi. Sola unalipa deni, na siku ya mwisho mali inakuwa yako.

Sasa tupige hesabu

Hizi si bei za kampuni yoyote, ni mfano tu. Tuseme kianzio ni Sh3,000, halafu Sh50 kwa siku kwa siku 400. Hiyo ni Sh20,000 juu ya kianzio, jumla Sh23,000. Ukiuliza bei ya keshi, unaambiwa Sh17,000. Ile Sh6,000 ya juu ndiyo bei ya kupewa muda.

Ni nyingi? Inategemea unatumia ngapi sasa. Tuseme kila siku unanunua mafuta taa ya Sh20 na kuchajisha simu sokoni kwa Sh20. Hiyo ni Sh40 kwa siku inayoenda na moshi. Gawanya Sh23,000 kwa 40 upate siku 575, yaani kama miezi 19.

Hapo ndipo watu wengi hawaangalii. Unamaliza deni siku ya 400, lakini sola yenyewe inajirudishia pesa siku ya 575. Kuanzia siku ya 576, ile Sh40 inabaki mfukoni mwako. Betri ikifa kabla ya hapo, utakuwa umelipa zaidi ya mwenzako aliyebaki na koroboi. Ndiyo maana swali kubwa si "Nalipa ngapi kwa siku?" Swali kubwa ni "Hii kitu itadumu muda gani, na ikiharibika nani anarekebisha?"

Kanuni yetu ni hii: waranti iwe ndefu kuliko deni. Kwa mfano wetu, waranti ya mwaka mmoja inakuacha siku 35 za mwisho ukilipia kitu ambacho hakina ulinzi.

Muulize ajenti maswali haya

1. Jumla nitalipa ngapi hadi mwisho, na bei ya keshi ni ngapi? Asipotaka kujibu kwa shilingi, achana naye.

2. Nikikosa kulipa wiki mbili, nini kitatokea? Kuna kampuni zinazosogeza siku mbele tu, na zingine hurudi kuchukua mtambo. Uliza pia kama jina lako linaweza kupelekwa CRB.

3. Waranti ni ya muda gani, na inahusu betri au paneli peke yake? Pata jibu kwa maandishi, hata kama ni SMS.

4. Ikiharibika, wakati nikingoja fundi siku zangu zinaendelea kuhesabiwa?

5. Nalipa kwa jina gani? Lipa kwa Paybill au Till ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya ajenti. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na uhifadhi ujumbe wa kila malipo hadi deni liishe.

Nani mwingine anakulinda?

Hauko peke yako. Lighting Africa, programu ya Benki ya Dunia na IFC iliyoanza mwaka 2007 ikiwa na Kenya kati ya nchi za kwanza, ilileta vipimo vya ubora wa taa za sola kwa sababu soko lilikuwa limejaa feki. Kazi ya kupima sasa inaendelezwa na VeraSol, ambayo orodha yake ya bidhaa zilizopita mtihani iko wazi mtandaoni. Andika jina la modeli uone kama ipo.

GOGLA, muungano wa kampuni za sola za nje ya gridi, ina kanuni za kumlinda mteja: bei wazi, huduma nzuri, bidhaa bora, siri ya data na heshima. Unaweza kumuuliza muuzaji kama kampuni yake inazifuata.

Kama uko katika moja ya kaunti 14 ambazo gridi haijazifikia vizuri, zikiwemo Turkana, Wajir, Tana River, Kwale na West Pokot, uliza kuhusu KOSAP. Huu ni mradi wa Wizara ya Kawi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, wa kupeleka sola na majiko bora huko. Na kama unaweka paneli kubwa juu ya paa, tafuta fundi aliye na leseni ya EPRA.

Betri ikifika mwisho

Kawi safi inaweza kuacha uchafu. Betri ya zamani usiichome, usiitupe chooni wala shambani, na usimpe mtoto aifungue. Muulize muuzaji tangu siku ya kwanza kama anazipokea zikifa.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini jua kwanza kibaba ni cha ukubwa gani. Kabla ya kulipa kianzio, chukua karatasi uandike namba tatu: jumla utakayolipa, unachotumia sasa kwa siku, na miezi ya waranti. Zikikubaliana, lipa na uwashe taa. Zikikataa, endelea kutafuta. Jua litachomoza kesho pia.