Kompyuta ishirini, jina moja

Ukikaa Utende, kisiwani Mafia, yalipo makao ya Hifadhi ya Bahari, hukosi kusikia habari za papa potwe. Watafiti wanawatambua mmoja mmoja kwa madoa ya ubavuni. Samaki anazunguka baharini, madoa ni yale yale.

Sasa tuseme umepewa kazi hapo Utende ya kufunga kompyuta ishirini. Umeandaa moja vizuri, halafu ukanakili diski yake kwenye zile nyingine. Rahisi, si ndiyo? Ukiziwasha, zote zina jina moja. Siku moja ikiingia kirusi, kumbukumbu za seva zitakutajia jina la mkosaji, na jina hilo ni la zote ishirini. Utapita meza kwa meza.

Dawa ni kuuachia mtandao ugawe majina. Kompyuta ikiwaka haina anwani ya IP, kwa hiyo inapiga kelele mtandao mzima: nani anagawa anwani? Anayejibu ni seva ya DHCP, utaratibu uliotoka mwaka 1993. Kwenye ofisi ndogo seva hiyo imo ndani ya ruta yenyewe. Inasema "chukua hii", kompyuta inaiomba rasmi, seva inathibitisha. Jibu hilo lina nafasi za taarifa nyingine, na nafasi namba 12 ni ya jina la kompyuta.

Lakini seva itajuaje anayeuliza ni nani? Anwani ya IP haisaidii, maana ni ya kupanga. Muda ukiisha anaweza kupewa mpangaji mwingine. Seva inaangalia anwani ya MAC, biti 48 zilizowekwa kiwandani kwenye kadi ya mtandao. Hayo ndiyo madoa. Unaandika orodha mara moja, MAC hii jina hili, basi.

Linux isiyo na jina lake kwa kawaida hulipokea. Windows (hapa ndipo wengi tunapoteza mchana mzima) hailichukui. Yenyewe ndiyo humtajia seva jina lake. Huko itabidi uweke skripti inayosoma MAC na kubadilisha jina mara ya kwanza mashine inapowaka.

Na simu je? Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hujitungia MAC tofauti kwa kila mtandao wa Wi-Fi ili zisifuatiliwe, kwa hiyo ile iliyoandikwa kwenye boksi haitalingana na inayoonekana na seva. Kompyuta nayo, kadi ikiliwa na chumvi ya bahari ukaweka mpya, kwa seva ni mgeni mpaka urekebishe orodha.