Je, Wajua? Joto la Kukata Chuma

Je, wajua kuwa ukataji wa metali uliwahi kuchemsha maji pasipo moto? Benjamin Thompson, maarufu kwa cheo cha Count Rumford, alisimamia utengenezaji wa mizinga mjini Munich. Alizamisha kipande cha mzinga wa shaba ndani ya sanduku la maji, akaweka kekee butu, farasi wakazungusha. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka. Wataalamu wengi waliamini kuwa joto ni kimiminika kilichofichama ndani ya vitu. Sasa mbona hakikuisha? Mwaka 1798 Rumford alitoa jibu lake: joto ni mwendo. Ugunduzi mkubwa hivyo, na ulianzia karakana!

Je, wajua kwa nini ganda la chuma cha pua hutoka kwenye mashine ya kukereza likiwa la buluu? Ni utando mwembamba wa oksidi, unaotokea joto likikaribia nyuzi 300 za Selsiasi. Mashine ikienda kasi, sehemu kubwa ya joto huondoka na ganda hilo, kisu kikapona.

Titani haina huruma hiyo. Haipitishi joto vizuri, hivyo joto hubaki kwenye makali, na fundi hulazimika kupunguza kasi.

Chuma cha kusubu hutoka chengachenga, kwa sababu ya grafiti iliyomo ndani yake. Mara nyingi hukatwa kikavu.

Je, wajua kuwa Mmarekani Frederick Taylor alitumia miaka 26 kuchunguza visu vya kukatia chuma, akigeuza zaidi ya tani 350 kuwa maganda? Aligundua kuwa kukimwagia kisu maji mengi kunaruhusu kasi kuongezeka kwa asilimia 40 hivi. Kisha yeye na Maunsel White wakapata namna ya kukipasha moto chuma cha kisu ili kisilegee. Kwenye maonyesho ya Paris, mwaka 1900, watu waliona ncha imeiva nyekundu na bado inakata. Hapo ndipo kasi ya viwanda ilipobadilika kweli.

Je, wajua kuwa joto hudanganya hata kipimo? Shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 100, ikizidi joto kwa nyuzi 40, hunenepa karibu milimita 0.05. Ipime ingali moto, uikubali, nayo ikipoa itapwaya ndani ya beringi. Ndiyo maana tangu mwaka 1931 vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzi 20.