Kuchagua Injini Mpya kwa Kombi Kuukuu

Gari likitumika kwa miaka arobaini, bodi lake laweza kuendelea kutengenezwa, lakini injini hufikia kikomo. Hapo mwenye gari hukabiliwa na swali: atie injini ya namna gani? Wengi hujibu upesi, "Yenye nguvu zaidi." Katika makala haya tutaonyesha, kwa fizikia ya shule ya sekondari, kwamba jibu hilo laweza kumtia mtu hasarani, na pengine hatarini.

Tuchukue mfano wa kombi ya Volkswagen ya aina iliyoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1979. Nyingi zilitiwa vitanda, jiko na makabati na kampuni ya Westfalia, ili familia iweze kulala humo safarini. Tangu mwaka 1981 baadhi yake zilipewa injini ya dizeli ya lita 1.6, yenye uwezo wa kilowati 37, yaani nguvu za farasi 50. Injini hiyo hukaa nyuma, imelazwa ubavu ili ienee chini ya sakafu.

Uwezo unaohitajika

Gari likipanda mlima, injini hushindana na mambo matatu: uzito wa gari lenyewe, ukinzani wa magurudumu, na ukinzani wa hewa. Tuseme kombi yetu, pamoja na abiria na mizigo, ina tungamo la kilogramu 2,200, na barabara hupanda meta 6 kwa kila meta 100. Kani ya kuushinda mwinuko ni 2,200 × 9.8 × 0.06, yaani niutoni 1,294 hivi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, magurudumu na hewa hudai kama niutoni 480 zaidi.

Uwezo ni kani mara mwendo. Kilometa 60 kwa saa ni meta 16.7 kwa sekunde. Kwa hiyo magurudumu yanahitaji kilowati 30 hivi. Tukikadiria kwamba sehemu moja ya kumi hupotea katika giaboksi, injini yapaswa kutoa kilowati 33. Basi injini ya zamani imekwisha kufika karibu na ukomo wake. Kwa kilometa 90 kwa saa, hesabu hiyohiyo hudai kilowati 57, kwani ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo.

Milimani tatizo huzidi. Barabara ya Großglockner nchini Austria hufika meta 2,504 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya tano, na injini isiyo na turbo hupungukiwa uwezo kwa kadiri hiyo.

Mambo yanayoambatana na injini

Katika miaka ya 1990 kampuni hiyohiyo iliunda injini ya dizeli ya lita 1.9 yenye turbo, itoayo kilowati 66. Injini hii ni ya ukoo mmoja na ile ya zamani, na huweza kufungwa kwenye giaboksi ileile. Yaonekana kuwa jawabu zuri. Lakini tuangalie mambo manne.

Kwanza, mafuta ya kulainisha. Injini hii haikuundwa kulazwa ubavu. Bila kubadilisha sampu yake, pampu yaweza kuvuta hewa badala ya mafuta, na injini ikafa.

Pili, joto. Kwa makadirio, theluthi moja ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa kazi, theluthi hutoka na moshi, na theluthi huchukuliwa na maji. Kazi ikiongezeka maradufu, joto nalo hukaribia maradufu, na rejeta ya zamani huenda isitoshe. Kiwanda cha Brazili, kilipoacha injini ya kupozwa kwa hewa mwishoni mwa mwaka 2005 na kutia ya kupozwa kwa maji, kililazimika kuweka rejeta mbele ya kombi.

Tatu, giaboksi. Kani ya kuzungusha ya injini hii ni takribani mara mbili ya ile ya kwanza. Meno ya giaboksi ya zamani hubeba mzigo ambao hayakukusudiwa.

Nne, breki. Nishati mwendo nayo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kombi iliyokwenda kilometa 80 kwa saa ikifikishwa 110, breki hupaswa kuondoa karibu mara mbili ya nishati. Ndiyo sababu Ujerumani sheria hutaka mabadiliko ya namna hii yakaguliwe na kuandikwa katika hati za gari.

Mota ya umeme haipungukiwi uwezo kwa wepesi wa hewa. Ila betri ya kilogramu 300, ikihifadhi saa-kilowati 45, huipeleka kombi yetu kilometa 180 hivi tu kwenye tambarare, na uzito wake huongeza kazi ya kupanda.

Hitimisho

Injini ifaayo, basi, ni ile ambayo rejeta, giaboksi na breki zaweza kuihimili. Asiye na fedha za kuyarekebisha yote hayo afadhali aifanyie matengenezo makubwa injini yake ya zamani, na apande mlima polepole.

Zoezi: Tafuta tungamo la gari la shule yako na mwinuko wa kilima kilicho karibu. Je, injini yake yapaswa kutoa kilowati ngapi ili kukipanda kwa kilometa 40 kwa saa?