Mkazo wa Misuli Wakati wa Kusafisha Damu: Chanzo Chake na Njia za Kuupunguza

Miongoni mwa maudhi yanayowapata watu wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zao zimeshindwa kufanya kazi, mkazo wa misuli ni mmoja wa yale yanayoogopwa zaidi, ijapokuwa hauhesabiwi miongoni mwa yale yanayoua. Msuli, mara nyingi wa kigimbi au wa unyayo, na pengine wa paja, mkono au tumbo, hujikunja wenyewe bila kuamriwa, ukawa mgumu na kukataa kulegea kwa sekunde au dakika kadhaa, huku maumivu yake yakimfanya mgonjwa aombe mashine izimwe kabla ya saa zake kutimia. Ombi hilo ndilo linaloufanya mkazo uwe jambo zito kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu kipindi kilichokatizwa huacha mwilini maji na taka zilizopaswa kutoka, na maji hayo hujumlishwa na yale yatakayokusanyika hadi kipindi kinachofuata, ambacho kitalazimika kuondoa mengi zaidi kwa kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo ndiyo inayozaa mkazo mwingine.

Ili kuelewa uhusiano huo, inafaa kwanza kutazama kazi ambayo mashine inapewa. Figo zenye afya huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku, zikayarudisha mwilini karibu yote na kutoa mkojo wa lita moja au mbili, na hufanya hivyo usiku na mchana bila kupumzika. Mashine, kwa utaratibu uliozoeleka katika nchi nyingi, hupewa saa 4 mara 3 kwa wiki, yaani saa 12 tu kati ya saa 168 za wiki nzima. Damu hutolewa mkononi kupitia fistula, ambayo ni vena iliyounganishwa na ateri kwa upasuaji ili ipanuke na kupitisha damu nyingi, kisha hupita ndani ya chujio lenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani na zenye matundu madogo mno katika kuta zake. Nje ya kuta hizo hupita maji maalumu ya kusafishia, yenye sodiamu, potasiamu na kalisi kwa viwango vilivyopangwa, na taka za damu huvuka kwenda upande huo. Wakati huohuo tofauti ya mgandamizo kati ya pande hizo mbili huvuta maji kutoka katika damu, na ni kazi hii ya pili, uondoaji wa maji, ambayo kwa kiasi kikubwa hubeba lawama ya mkazo.

Mwili wa mtu mzima mwenye kilo 70 una takriban lita 42 za maji, lakini theluthi mbili zake zimo ndani ya seli, na sehemu kubwa ya yanayobaki imo katika nafasi zilizo baina ya seli hizo. Plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ambayo ndiyo pekee inayofikiwa na mashine moja kwa moja, haizidi lita 3 hivi. Mgonjwa anayeondolewa lita 3 kwa kipindi kimoja ametolewa kiasi kinacholingana na plazima yake yote, naye hubaki hai kwa sababu maji yaliyo baina ya seli huingia polepole katika mishipa na kuziba pengo. Hali hiyo ni ya kisima kinachotekwa: chemchemi ikirudisha maji kwa mwendo wa ndoo, kina hakibadiliki, lakini watekaji wakiongezeka na chemchemi ikawa ileile, ndoo huanza kukwaruza tope. Ndiyo maana mikazo mingi hutokea katika saa ya mwisho ya kipindi, wakati ambapo hazina ya maji baina ya seli imepungua, shinikizo la damu limeanza kushuka, na mwili, ukijaribu kuulinda ubongo na moyo, umekwisha kubana mishipa midogo inayolisha misuli ya miguu.

Msuli unaopungukiwa damu hauanzishi mkazo peke yake. Vipimo vya umeme wa misuli vinaonyesha kwamba mkazo huanzia katika neva zinazouamuru msuli, ambazo hupandwa na wepesi wa kusisimka na kupeleka ishara kwa mfululizo wa kasi, makumi ya ishara kwa sekunde na wakati mwingine zaidi ya mia, hata msuli ukakosa nafasi ya kulegea. Wepesi huo huchochewa pia na mabadiliko ya ghafla ya chumvichumvi za damu, hasa sodiamu, kalisi na magnesi kushuka. Katika miongo ya mwanzo ya tiba hii ilikuwa desturi kutumia maji ya kusafishia yenye sodiamu ndogo kuliko ya damu, na mikazo ilikuwa mingi; viwango vya sodiamu vilipopandishwa kukaribia vya damu, ikapungua.

Kasi ya uondoaji maji hupimwa kwa mililita zinazotolewa kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa, na wataalamu wengi huichukulia mililita 13 kuwa mpaka usiofaa kuvukwa, kwa kuwa tafiti zimeihusisha kasi iliyo juu yake na vifo vingi zaidi. Mgonjwa wa kilo 60 aliyefika akiwa na lita 3 za ziada, akisafishwa kwa saa 4, huondolewa mililita 12.5, ambayo bado imo ndani ya mpaka. Akipunguziwa muda hadi saa 3 kwa sababu foleni ni ndefu au kwa sababu yeye mwenyewe amechoka kukaa, kasi hupanda hadi karibu mililita 16.7 ingawa maji ni yaleyale. Hesabu hii ina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi husafishwa mara mbili tu kwa wiki. Nchini Kenya, kwa mfano, mfuko wa taifa wa bima ya afya uligharamia kwa miaka mingi vipindi viwili kwa wiki. Mtu wa vipindi viwili hukaa siku tatu au nne akikusanya maji, na hawezi kuhukumiwa kwa kipimo kilekile cha mwenye vipindi vitatu. Kumlaumu kwamba amekunywa kupita kiasi, bila kutazama ratiba aliyopewa, ni kumwonea.

Jambo ambalo halipati uangalifu unaostahili ni uzito mkavu. Kwa istilahi hiyo hukusudiwa uzito ambao mgonjwa angekuwa nao kama mwili wake usingekuwa na maji ya ziada, na ndio shabaha inayowekwa kwenye mashine kila kipindi. Hakuna mizani inayoweza kutofautisha kilo ya maji na kilo ya nyama, hivyo uzito mkavu hukadiriwa kwa kutazama uvimbe wa miguu, shinikizo la damu, pumzi na namna mgonjwa anavyojisikia baada ya kutoka kwenye mashine. Makadirio hayo huchakaa upesi. Mtu aliyeanza tiba akiwa amekonda, kisha hamu ya kula ikamrudia na akanenepa kwa kilo 2 za mwili halisi, ataonekana kwenye mizani kana kwamba amekuja na lita 2 za maji, na mashine, ikifuata namba ya zamani, itajaribu kuvuta maji ambayo hayapo. Mikazo yake haitakoma kwa dawa yoyote hadi namba ibadilishwe. Kinyume chake, aliyekonda kwa ugonjwa hubaki na maji ya ziada yaliyojificha chini ya namba ileile, na kwake hatari ni mapafu kujaa maji. Kwa hiyo mikazo inayojirudia kila mwisho wa kipindi kwa mtu asiyevimba, asiyehema na ambaye shinikizo lake halijapanda, inapaswa kusomwa kama dalili kwamba shabaha imewekwa chini mno.

Upande wa mgonjwa, silaha kubwa ni kupunguza chumvi, na hata kiu huja nyuma ya chumvi hiyo. Mtu ambaye figo zake hazitoi tena mkojo hulazimika kubaki na takriban lita moja ya maji kwa kila gramu 8 au 9 za chumvi anazokula, kwa sababu mwili hautulii hadi damu irudi kwenye uwiano wake wa sodiamu, nao huufikia uwiano huo kwa kuchochea kiu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai, hata kwa watu wenye figo nzima. Chumvi nyingi haitoki kwenye kijiko cha mezani. Imo katika ng'onda na papa mkavu, katika viungo vya mchuzi vya pakiti, katika achari, mkate na bisi za dukani, na sodiamu imo pia katika magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive upesi, ingawa ulimi hauyatambui kuwa chumvi. Kumkataza mgonjwa maji huku akiendelea kula vyakula hivyo ni kumtesa bila faida. Maji yanayohesabiwa ni pamoja na uji, chai, supu na tikiti, na kwa mwenye kisukari, sukari iliyopanda katika damu ni chanzo kingine cha kiu kinachotakiwa kudhibitiwa.

Tiba za mitaani kwa mkazo wa misuli zina hatari kubwa kwa wagonjwa hawa. Mwanamichezo aliyekazwa msuli huambiwa ale ndizi au anywe madafu, na ushauri huo humfikia pia mgonjwa wa figo kutoka kwa ndugu wenye nia njema. Ndizi moja ya wastani ina takriban miligramu 400 za potasiamu, na kikombe cha mililita 240 cha maji ya dafu kina karibu miligramu 600. Potasiamu isiyopata njia ya kutoka huweza kuvuruga mapigo ya moyo na hata kuusimamisha, tena bila kutoa onyo. Kwinini, ambayo Waafrika Mashariki wanaifahamu kama dawa ya malaria, ilitumika kwa muda mrefu kutuliza misuli, lakini huweza kushusha chembe za kugandisha damu na kuyumbisha moyo. Mwaka 2006 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa za kwinini zisizoidhinishwa ziondolewe sokoni na kuonya dhidi ya kuitumia kwa mkazo wa miguu. Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, hutolewa mwilini na figo, na kwa asiye na figo hata dozi ndogo huweza kumchanganya akili au kumzimisha fahamu. Diklofenaki, inayonunuliwa dukani bila cheti, huweza kumaliza mkojo mdogo uliobaki, na mkojo huo una thamani, kwa kuwa kila mililita inayotoka yenyewe ni moja ambayo mashine haitalazimika kuivuta.

Mkazo unapoanza, mgonjwa hapaswi kuuvumilia kimya hadi ukomae, bali amwite muuguzi mara tu anapohisi msuli ukicheza. Muuguzi hupunguza au husimamisha kwa muda uondoaji wa maji, na akiona shinikizo limeshuka huweza kurudisha mililita 100 hadi 200 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Wakati mwingine huamriwa kiasi kidogo cha sukari au chumvi iliyokolea, ambayo huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuyaleta kwenye mishipa. Sukari hupendelewa kwa asiye na kisukari, kwa kuwa chumvi humwachia mgonjwa kiu ya kwenda nayo nyumbani. Wakati huohuo msuli unyooshwe: kwa kigimbi, goti hulazwa sawa na vidole vya mguu huvutwa kuelekea kwenye goti, polepole na kwa nguvu isiyolegea, bila kuutikisa mkono wenye sindano. Kunyoosha huko hufanya kazi kwa sababu katika kano mna vihisio vinavyoitwa viungo vya Golgi, kwa jina la tabibu Mwitaliano Camillo Golgi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, ambavyo vikivutwa hupeleka kwenye uti wa mgongo ishara ya kuituliza neva inayoamuru msuli.

Katika mipango ya muda mrefu, kurefusha kipindi au kuongeza idadi ya vipindi ndiko kunakopunguza kasi kwa uhakika zaidi. Kushusha joto la maji ya kusafishia hadi nyuzi 35 au 36 za selisiasi husaidia mishipa kubaki imebana na shinikizo lisianguke, na hakugharimu chochote zaidi ya blanketi. Mlo mzito wakati wa kipindi huvuta damu kwenda tumboni, na dawa za shinikizo zinazomezwa asubuhi ya siku hiyo huweza kuhitaji kusogezwa, kwa idhini ya daktari. Vitamini E, vitamini C na kanitini zimeonyesha nafuu katika tafiti ndogo, lakini vitamini C kwa dozi kubwa huzalisha oksaleti inayojilimbikiza mwilini, hivyo si ya kujinunulia. Mazoezi mepesi ya kunyoosha miguu yanayofanywa kila siku ni salama kwa wengi.

Si kila maumivu ya mguu ni mkazo wa aina hii. Mguu mmoja uliovimba na kupata joto huweza kuwa na damu iliyoganda, na kigimbi kinachouma mtu anapotembea na kutulia anaposimama huashiria ateri zilizoziba. Hayo yahitaji vipimo vyake. Lakini kwa mikazo ya kwenye mashine, mgonjwa aandike uzito wa kuingia, uzito wa kutoka na saa ambayo msuli ulikaza, kisha ampe daktari karatasi hiyo, na akikazwa misuli katika vipindi viwili mfululizo, ana haki ya kuomba uzito wake mkavu ukadiriwe upya kabla ya kipindi cha tatu kuanza.