Mbwa na Paka wa Nyumbani: Tuwatunze ili Watulinde



Mara nyingi tunaongea juu ya mihogo, maharagi, mbuzi na kuku. Mbwa na paka tunawasahau, juu hatuwapeleke sokoni na hawaandikwi katika daftari la koperative. Lakini mbwa njo analinda zizi usiku, na paka njo anafukuza panya katika depo ya mahindi. Wakitunzwa vizuri, wanakinga nyumba nzima. Wakisahauliwa, wanaweza kuingiza ugonjwa kwa watoto na kwa mifugo. Kwa hiyo leo tueleze namna ya kuwatunza, na kazi gani koperative inaweza kufanya.

Raje: ugonjwa unaozuilika, lakini hauponi

Raje, ao kichaa cha mbwa, inaua watu karibu 59 000 kila mwaka katika dunia, zaidi Afrika na Asia. Karibu wote wanaipata kwa mbwa. Watoto njo wako katika hatari zaidi, juu wanacheza na mbwa, na wakilumwa wengine wanaficha kwa kuogopa kupigwa.

Virusi vya raje viko katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiluma mtu, ao akilamba kidonda, virusi vinaingia na kupanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo inachukua miezi 2 ao 3. Ndani ya muda huo mtu anajiona mzima, na sindano bado zinaweza kumuokoa. Lakini dalili zikianza (kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuchanganyikiwa), karibu hakuna anayepona.

Mbwa mwenye raje anabadilika tabia. Mwingine anakuwa mkali na kuluma hata miti. Mwingine anakuwa mpole kupita kawaida, anajificha, taya inalegea na mate yanatoka. Paka pia anaweza kuipata, na ng'ombe na mbuzi pia. Basi muwe na angalisho: ng'ombe asiyekula na mwenye kutoa mate mengi, msimtie mkono kinywani mukifikiri kitu kimemkwama. Muite kwanza veterineri. Mbwa ao mnyama mwingine aliyekufa kwa ugonjwa kama huo, msimchune wala msimle.

Mtu akilumwa, tufanye nini?

Kwanza, osheni kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Virusi havivumilii sabuni. Msitie pilipili, majivu, mafuta ao majani. Hata mkwaruzo mdogo, usheni vilevile.

Pili, siku ileile mpelekeni mtu kwenye kituo cha afya. Kama sindano haziko pale, muulize wapi zinapatikana, msingoje dalili. Sindano ni nyingi, kila moja na siku yake. Msikatishe katikati juu kidonda kimepona, kwa sababu kidonda kupona hakuonyeshi kwamba virusi vimekwisha.

Tatu, kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, mfungeni na kumwangalia siku 10. Kama alikuwa na virusi katika mate siku ile aliluma, ndani ya siku hizo atagonjwa ao atakufa. Akibaki mzima, hiyo ni habari nzuri ya kumpa muganga. Lakini mgonjwa asingoje siku 10 ziishe ndipo aende kutafuta sindano.

Sababu gani tuchanje pamoja?

Mbwa mmoja akichanjwa, nyumba moja inakingwa. Mbwa 7 kati ya 10 wa kijiji wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita, na kijiji chote kinakingwa, hata wenye hawana mbwa.

Tunasikia mahali pengine watu wanataka kuua mbwa wote ili raje iishe. Njia hiyo haifaulu. Mbwa wengine wanatoka vijiji vya jirani na kujaza nafasi, nao hawana chanjo. Pengine wanaouawa ni wale waliokuwa wamechanjwa. Tena watu wanaficha mbwa wao, na veterineri hawezi kuwafikia.

Kuchanja kunahitaji mpango. Chanjo inakaa katika baridi ya digri 2 mpaka 8. Ikipata joto la jua njiani, inapoteza nguvu. Kuna chupa za dozi moja, na kuna chupa za dozi 10. Chupa kubwa ikifunguliwa, inapaswa kutumika siku ileile. Mtu mmoja akimuita veterineri kwa mbwa wake mmoja, analipa safari yote, na dawa inayobaki inaharibika. Jamaa 10 zikijipanga kwa siku moja, gharama inagawanywa na hakuna dozi inayopotea. Hii ni kazi ya koperative kabisa.

Mtoto wa mbwa ao wa paka anachanjwa akifikia miezi 3. Kisha mumuulize veterineri tarehe ya kurudilia, na muiandike.

Minyoo ya mbwa na mbuzi anayezunguka

Wafugaji wengi wamekwisha kuona mbuzi ao kondoo anayezunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, mpaka anaanguka. Wengine wanasema amerogwa. Moja ya sababu zake ni mnyoo unaotoka kwa mbwa.

Inaendelea hivi: mnyoo mkubwa unakaa katika matumbo ya mbwa, na mayai yake yanatoka na mavi mpaka kwenye majani. Mbuzi anakula majani hayo. Ndani ya ubongo wake kunakomaa mfuko wa maji wenye vichwa vya minyoo. Siku mbuzi anachinjwa, kichwa kinatupiwa mbwa kikiwa kibichi, na mzunguko unaanza tena. Minyoo mingine ya namna hiyo inafanya mifuko katika maini na mapafu, na mmoja kati yao unaingia hata kwa watu.

Kuukata mzunguko si vigumu. Tukichinja, tusimpe mbwa kichwa, maini ao mapafu mabichi. Tuvichemshe sana ao tuvifukie chini sana, mbwa asivifukue. Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila miezi 3, na tuombe dawa yenye prazikwanteli, juu hiyo njo inaua minyoo ya namna hii. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Paka wa depo

Wengi wanamnyima paka chakula wakisema njaa itamfanya awinde. Si hivyo. Paka aliyekula kidogo bado anawinda, na habadilishi makao. Mwenye njaa anaenda kuiba kwa jirani. Mpeni dagaa kidogo ao bugali na mchuzi, na maji safi kila siku.

Msiweke sumu ya panya mahali paka ao mbwa wanaishi. Panya aliyekula sumu anatembea kwanza mbele ya kufa, na paka anayemkula anaweza kufa pia. Tena mahindi na maharagi yafunikwe, paka asinye juu yake. Mama mwenye mimba asiguse mavi ya paka, juu yanaweza kuwa na vidudu vinavyodhuru mtoto tumboni.

Viroboto, kupe na upele

Mbwa anayejikuna usiku kucha halindi vizuri. Lakini msimpake mafuta machafu ya motere: yanachoma ngozi, na akijilamba yanamtia sumu. Dawa ya kupe ya ng'ombe pia isitumiwe kwa kukadiria. Dozi inapimwa kwa uzito. Dawa nyingine, kama permetrine, mbwa anaivumilia lakini paka inamuua. Kabla ya kununua, mumwambie muuzaji ni kwa mnyama gani.

Mbwa aliyefungwa mchana awe na kivuli, maji na kamba ndefu. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inapasuka kama miiba na kutoboa matumbo.

Katika mkutano wenu unaokuja

Tunaomba kila koperative iongee mambo haya matatu: kuhesabu mbwa na paka wa wanamemba, kuchagua mtu mmoja wa kuonana na veterineri juu ya siku ya chanjo, na kuuliza kituo cha afya kama kina sindano za raje, ao wapi pa karibu zinapatikana. Jibu hilo muliandike na kulibandika kwenye mlango wa depo. Siku mtoto analumwa, kila mtu ajue pa kukimbilia.