Je, Wajua? Wagonjwa Wengi wa Dharura Hawaelewi Walichoambiwa

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti nchini Marekani waliwauliza wagonjwa wa idara za dharura kama istilahi za kitabibu zina maana moja na maneno ya kila siku. Matokeo:

• Asilimia 79 hawakutambua kuwa "hemoreji" ni kutokwa na damu.
• Asilimia 78 hawakujua kuwa "frakcha" ni kuvunjika mfupa.
• Asilimia 74 hawakulitambua jina la kitaalamu la mshtuko wa moyo.

Utafiti mwingine wa huko, uliochapishwa mwaka 2009, uliwahoji wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani. Asilimia 78 hawakuelewa kikamilifu angalau jambo moja kati ya ugonjwa wao, tiba waliyopewa, namna ya kujitunza nyumbani na dalili za kuwarudisha hospitali. Hatari zaidi ni kwamba wengi wao waliamini wameelewa. Mtu asiyejua kuwa hajaelewa hawezi kuuliza. Hunyamaza, kisha huweza kwenda kumeza dawa vibaya.

Dawa ya tatizo hili haina gharama: daktari au muuguzi humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, kisha humrekebisha palipo na kasoro.

Nawe ukiwa mgonjwa, au umempeleka ndugu yako, usione haya. Kabla ya kuondoka uliza: Naumwa nini? Dawa hizi natumiaje? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Kuuliza si ujinga. Ni haki yako.