Safari ya Ufaransa: Tutakula wapi, na tutakula nini?

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tunajibu suala tulilokabidhiwa na mzee mmoja wa Kikole, wilayani Kilwa, tulipokwenda huko kuhudhuria hitima. Dua ilipokwisha na masinia kuondolewa barazani, mzee alituita pembeni. Binti yake, mumewe na watoto wao wawili walikuwa wanajiandaa kwenda Marseille, Ufaransa, kwa siku nne. Nauli ilikwisha kulipwa na viza zilikwisha kutoka. "Wanangu," alituambia, "nyinyi mmekwishafika huko. Hawa wajukuu zangu watakula nini? Sitaki wale haramu, wala sitaki walale na njaa kwa kuiogopa haramu."

Maneno hayo mawili ndiyo suala zima. Wapo wasafiri wanaojiachia wakasema dharura imewaruhusu, hali mtaa wa pili tu chakula cha halali kipo tele. Na wapo wanaojifungia chumbani na biskuti siku nzima, watoto wakadhoofika. Njia ya kati ni kupanga mapema.

Sisi wenyewe tuliwahi kuteleza. Safari yetu ya kwanza Paris tulipanga pa kulala na pa kutembelea, tukasahau pa kula. Saa tisa mchana tukawa tunazunguka na watoto, kila mlango tunaambiwa jiko limefungwa. Usiku, kwa kuwa tumechoka, tukaingia mkahawa wa karibu na kuagiza samaki tukiamini tumesalimika. Tulikwisha kula vijiko vitatu ndipo tulipoelezwa kuwa mchuzi ule umepikwa kwa mvinyo. Siku ile tulijifunza kwamba samaki ni halali, lakini mchuzi wake nao una habari yake.

Sheria iulizwe kabla ya safari

Surat Al-Maida, aya ya 3, imetaja vilivyoharamishwa, na aya ya 5 ya sura hiyohiyo imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Ikhtilafu ya wanazuoni wa zama zetu imeingia katika nyama ya madukani Ulaya: je, mchinjaji wa leo ni katika Watu wa Kitabu? Na mnyama aliyepigwa chuma au umeme kwanza, alikuwa hai kisu kilipomfikia? Wapo walioruhusu na wapo waliozuia. Kalamu hii haitoi fatwa. Kila familia imuulize shekhe wake ingali nyumbani, kwani mezani ugenini, mtoto akilia njaa, si mahali pa kuanza kutafuta rai.

Halali kwa ushahidi wa nani?

Dola ya Ufaransa haitoi cheti cha halali. Iliyopewa idhini ya kuwatambua wachinjaji wa Kiislamu ni misikiti mitatu: Msikiti Mkuu wa Paris mwaka 1994, kisha ya Lyon na Evry mwaka 1996. Pamoja nayo zipo jumuiya za ukaguzi, mojawapo ni AVS iliyoanzishwa mwaka 1991, ambayo haikubali mnyama apigwe umeme kabla ya kuchinjwa. Masharti ya hawa wote hayalingani. Kwa hiyo neno "halal" lililoandikwa kwenye kioo cha duka ni mwanzo wa kuuliza tu. Ulizeni kwa adabu nyama inatoka wapi na nani ameithibitisha. Mwenye duka mkweli hachukii kuulizwa. Ulizeni pia kama mahali hapo panauzwa ulevi, maana wapo wanaopika nyama ya halali na mvinyo wakauza papo hapo.

Marseille si ugeni mtupu

Familia ya Kikole imepata bahati ya mji. Marseille ni bandari, na kwa miaka mingi imepokea Waislamu wa Algeria, Tunisia, Moroko na, lililo karibu zaidi nasi, ndugu zetu wa Komoro, ambao wapo huko kwa maelfu mengi. Hawa si wageni kwa watu wa Kilwa. Tarikhi ya kale ya Kilwa inasimulia majahazi saba ya Washirazi, na moja lao lilitia nanga Nzuwani. Lugha zao na yetu ni ndugu, na madhehebu yao ni ya Imamu Shafii kama yetu. Atakayesikia salamu zao sokoni atahisi yu karibu na kwao.

Mtaa wa kuanzia ni Noailles, katikati ya mji, hatua chache kutoka barabara kuu ya Canebière. Hapo lipo soko la Capucins, na pembezoni mwake maduka ya nyama ya halali, mikate, zeituni, tende na viungo. Kutoka kituo cha treni cha Saint-Charles mtu hufika kwa miguu. Kwa wapishi wa Kikomoro ulizieni mataba, ambacho ni kisamvu cha nazi kwa jina jingine. Kwa wale wa Afrika Kaskazini ulizieni kuskusi. Mchana ipo panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Hivi havina nyama, ila ulizeni mafuta hayo yamekaanga nini kingine.

Bouillabaisse, mchuzi wa samaki ulioupa mji huo sifa, ni bei ghali, na baadhi ya wapishi huutia kileo. Asiyepata jibu la wazi na auache. Samaki wabichi huuzwa asubuhi Bandari ya Kale, na familia iliyopanga nyumba yenye jiko inaweza kujipikia. Hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote, kwa dini na kwa mfuko.

Wanaopitia Paris wajue kuwa Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1926 katika wilaya ya 5 ya mji, una mkahawa wake pamoja na chai ya nanaa.

Saa za kula na saa za Sala

Mikahawa mingi ya Ufaransa hupika mchana kuanzia saa sita hadi saa nane, ikafunga, kisha ikafungua usiku kuanzia saa moja au moja na nusu. Wakati wa kiangazi Adhuhuri ya Marseille huingia karibu saa nane kasorobo. Hivyo siku ya Ijumaa anayengoja kula baada ya Sala atakuta jiko limezimwa. Ale kwanza, au anunue chakula mapema. Mwezi wa Juni Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, basi watoto wale kabla yake.

Maneno ya kuyahifadhi

Menyu na bei hubandikwa nje. Someni kabla ya kuketi. Porc, jambon, lardons na saindoux yote ni nguruwe au mafuta yake. Vin ni mvinyo, na rhum hutiwa katika baadhi ya keki. Gélatine katika peremende za watoto mara nyingi hutokana na nguruwe. Quiche lorraine ina vipande vya nguruwe. Boeuf bourguignon ni nyama iliyopikwa kwa mvinyo. Maji ya bomba mezani hutolewa bure mkisema "une carafe d'eau", na malipo ya huduma yamo ndani ya bei.

Masurufu ya njiani nayo yasisahauliwe: tende na korosho za kukaanga zatosha kwa usiku wa kwanza. Nyama na maziwa msibebe, kwani sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza wasafiri kuviingiza.

Haya yote tulimwandikia mzee katika karatasi moja, naye akaikunja na kuitia katika mfuko wa kanzu. Baadaye tulipata salamu zake. Binti alimpigia simu usiku wa pili, naye swali lake la kwanza likawa lilelile: wamekula nini? Akajibiwa, "Baba, tumekula kisamvu." Mzee akasema usiku ule alilala.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku kilicho halali na chema, nyumbani na safarini, na awarejeshe wasafiri wetu salama. Wabillahi tawfiq.